UZI: Kupiga picha za mbwa na paka wakiwa mbioni, kwa kamera za kuanzia na simu

LenziMoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Picha ya mbwa anayekimbia ikitoka na ukungu, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kununua kamera kubwa zaidi. Hapana. Canon 2000D yenye lenzi ya milimita 55-250 au Nikon D3500 yenye 70-300 inaiweza kazi hii. Tuweke hapa mbinu zenye namba kamili ili mtu akitoka na kamera yake kesho asubuhi ajue aanzie wapi.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tambua ukungu wako ni wa aina gani. Zipo tatu, na kila moja ina tiba yake. Ikuze picha hadi asilimia 100 kwenye kompyuta. Kama nyasi zilizo miguuni pa mbwa ni kali lakini mbwa mwenyewe kavutika upande anaoelekea, shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha nuru) ilikuwa polepole. Kama mbwa hana makali popote ila kuna ukanda wa nyasi uliotoka vizuri nusu mita nyuma yake, fokasi (ulengaji wa sehemu itakayotoka kali) ilikosea. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, mbwa, nyasi na ukuta, basi mkono ulitikisika. Wengi huongeza tu kasi ya shata kumbe tatizo ni fokasi, na wanachoambulia ni picha iliyojaa chengachenga za ISO (unyeti wa kamera kwa nuru) huku ukungu uko palepale.

Hesabu ya shata ni rahisi. Mbwa anayekimbia kwa nguvu anaweza kufika mita 10 kwa sekunde. Kwa 1/250 (sehemu moja ya 250 ya sekunde) anasogea sentimita 4 wakati shata iko wazi. Kwa 1/1000 anasogea sentimita 1, kwa 1/2000 nusu sentimita. Na huo ni mwili tu. Mguu unaorushwa mbele huenda kwa kasi kuliko mwili, ndiyo maana unapata uso mkali na kucha zenye ukungu.

Pa kuanzia basi: mbwa wa mwendo wa mchakamchaka, 1/500. Anayekatiza mbele yako kwa mbio, 1/1600 hadi 1/2000. Anayekuja usoni kwako moja kwa moja, 1/1000 inatosha kwa sababu hasogei sana upande, ila hapo fokasi ndiyo inayopata tabu. Paka anayeruka, 1/1000. Mbwa anayejikung'uta maji, 1/1600 kwenda juu.

---

NyotaYaJioni

Asante mkuu. Nina D3500 na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nikiweka 1/1000 barazani jioni picha inatoka nyeusi tii, na nikiacha ISO ijipange yenyewe inatoka na chengachenga. Nifanyeje?

---

FundiShata

Dada, tatizo ni nuru, na nuru nayo inahesabika. Chukua kanuni ya zamani ya jua kali: ukiwa f/16 (namba ya uwazi wa lenzi; ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa) na ISO 100, shata ni takriban 1/100. Lenzi yako ikivutwa mwisho inafungua f/5.6, yaani hatua tatu zaidi (kila hatua ni nuru maradufu), kwa hiyo kwenye jua unapata 1/800 kwa ISO 100 na 1/1600 kwa ISO 200. Raha tupu. Ukiingia kwenye kivuli cha wazi unapoteza hatua kama tatu, sasa 1/1600 inadai ISO 1600. Ukiingia barazani chini ya paa unapoteza mbili nyingine au zaidi, na unafika ISO 6400. Kamera haijakosea, giza ndilo limekuzidi.

Njia ziko tatu. Ya kwanza haina gharama: mtoe mnyama barazani, umweke kwenye kivuli cha mti au cha ukuta kinachopakana na uwanja wenye jua. Ya pili ni lenzi ya 50mm f/1.8. Ukiipigisha kwenye f/2.8 umeokoa hatua mbili, ile ISO 6400 inashuka hadi 1600. Angalizo kwa wenye D3500: nunua iliyoandikwa AF-S. Ile ya zamani iliyoandikwa AF 50mm f/1.8D ni nafuu na inaingia kwenye kamera, lakini fokasi haitajiendesha, maana D3500 haina mota ya fokasi ndani ya mwili wake. Watu wengi wameuziwa hiyo kwenye mitumba.

Ya tatu ni kubadili saa. Huku kwetu karibu na ikweta jua la saa 6 mchana linashuka utosini, macho ya mbwa yanakuwa mashimo meusi hata kama nuru ni nyingi. Saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 na nusu jioni hadi kama saa 12, jua linaingia chini ya nyusi na machoni kunakuwa na uhai. Jioni anza mapema, kwa sababu jua letu likianza kuzama halina subira.

Kwa mpangilio, weka gurudumu la hali kwenye S (kwenye Canon inaitwa Tv), chagua kasi ya shata, ruhusu ISO ijipange lakini ifungie kikomo cha 3200. Kamera ikishindwa kufikia nuru inayotakiwa itakuonya, nawe utajua ni wakati wa kuhama mahali.

---

LenziMoja

FundiShata kamaliza upande wa nuru. Niongeze fokasi, maana hapo ndipo picha nyingi zinakufa.

Kina cha makali (ukanda wa mbele hadi nyuma unaotoka mkali) ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. 50mm kwenye f/1.8, mnyama akiwa mita 2, kwa kamera hizi za sensa (kipande kinachopokea nuru) ndogo: kama sentimita 11 tu. Pua ya mbwa na jicho lake haviingii pamoja kwa raha, sembuse masikio. Ukifunga hadi f/4 unapata sentimita 24. Lenzi ndefu ikiwa 200mm, f/5.6, mbwa yuko mita 8: takriban sentimita 34. Sasa kumbuka mbwa wa mita 10 kwa sekunde anazivuka hizo sentimita 34 ndani ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ukifunga fokasi mara moja halafu ukabonyeza, ameshatoka.

Kwa hiyo:

Badili fokasi iwe endelevu. Kwenye Canon ni AI Servo, kwenye Nikon AF-C. Mpangilio wa kiwandani huwa unaiachia kamera iamue yenyewe, na mara nyingi huamua vibaya.

Tumia nukta moja tu ya fokasi, ya katikati. 2000D ina nukta 9, D3500 ina 11, na kwenye zote mbili nukta ya katikati ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo. Nyingine ni dhaifu. Acha nafasi kuzunguka mbwa, utakata baadaye. Picha ya megapikseli 24 ukiikata ibaki nusu ya upana na nusu ya urefu inakuachia megapikseli 6, na hizo zinachapa sentimita 20 kwa 30 bila aibu.

Weka jicho kwenye kichungulio. Kwenye kamera hizi fokasi ya kupitia skrini ni ya polepole sana kwa kitu kinachokimbia.

Halafu tenganisha fokasi na kitufe cha kupigia. Kwenye D3500 ingia menyu ya mipangilio, sehemu ya vitufe, kitufe cha AE-L/AF-L ukipe kazi ya AF-ON. Kwenye 2000D ni kwenye mipangilio maalumu (C.Fn), kipengele cha shata na kufunga nuru, chagua namba 3, kitufe chenye nyota ndicho kitalenga. Kidole gumba kinashikilia fokasi muda wote mbwa anapokuja, cha shahada kinapiga tu. Akipita nyuma ya mti unaachia gumba, fokasi inabaki pale ilipokuwa badala ya kukimbilia gome.

---

Mwana_Pangani

Mimi naona hata nukta ya katikati si lazima. Weka mfululizo wa picha, shikilia kitufe, katika 30 moja itatoka.

---

LenziMoja

Hapana mkuu, kwa kamera hizi hesabu inakukataa. 2000D inapiga picha 3 kwa sekunde. Mbwa wa mita 8 kwa sekunde anasogea mita 2 na zaidi kati ya picha na picha. Yaani ile sekunde nzuri aliyoinua miguu yote minne inaweza kuangukia katikati ya picha ya kwanza na ya pili, na hutaiona kamwe. D3500 ina 5 kwa sekunde, afadhali, lakini bado ni mita moja na nusu. Juu ya hapo, ukipiga RAW (faili ghafi, nzito) mfululizo, hifadhi ya ndani inajaa haraka na kamera inaganda wakati mbwa ndiyo kwanza anafika pazuri. Kwa mfululizo tumia JPEG, na kadi ya U3 au V30, ambayo inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kadi ya bei ya kutupa inaichelewesha kamera kujisafisha.

Mfululizo mfupi wa picha 2 au 3, ulioanzishwa kwa wakati, ndiyo. Kushikilia kitufe na kuomba Mungu, hapana.

---

PakaWaForodhani

Hapo kwenye "kwa wakati" ndipo penyewe, niruhusuni niseme zaidi. Kila mrukaji ana pahala anapotulia. Akifika juu kabisa, kasi yake ya kupanda imekwisha na ya kushuka haijaanza. Ukifanya hesabu ya mvutano wa dunia, mnyama hukaa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ndani ya sentimita 5 za mwisho za juu. Huo ni muda mrefu kwa mpiga picha. Bonyeza anapokaribia kilele. Ukisubiri umwone kileleni, kidole chako kitafika akiwa anashuka.

Mbio nazo zina mdundo. Eadweard Muybridge alipopanga safu ya kamera huko Palo Alto, California, mwaka 1878, ilionekana kwamba farasi anayekwenda shoti huwa hewani miguu ikiwa imekusanyika chini ya tumbo, wakati wachoraji walizoea kumchora amejinyoosha mbele na nyuma. Mbwa wa mbio kali huelea mara mbili katika kila mzunguko, mara moja amejinyoosha na mara moja amejikunja. Alivyojinyoosha ndiyo picha inayopendeza watu wengi. Alivyojikunja inaonyesha nguvu zaidi. Mwangalie akizunguka uwanja mara mbili tatu bila kupiga, hesabu mdundo kwa mdomo, kisha ndipo uinue kamera.

Kwa paka, habari ni tofauti kabisa. Paka hakimbizwi, hutegwa. Weka stuli mbili zenye urefu sawa, ziachane sentimita 70 hadi 80, karibu na dirisha kubwa au mlango ulio wazi. Wewe kaa ubavuni, mita 2 hivi, ili njia yake iwe sambamba na kamera. Mwombe mtu ashike ufagio au kitambaa hewani katikati ya stuli, lenga hapo kwenye f/5.6, kisha badili lenzi iwe MF (fokasi ya mkono) ili fokasi isisogee tena. Toa ufagio. Dagaa mmoja kwenye stuli ya pili. Hapo fokasi haina kazi ya kumtafuta, yeye mwenyewe anapita ndani yake.

Dalili za kuruka ni hizi: masikio yanasimama mbele, mboni inatanuka, anajikunyata chini, kiuno kinatikisika kushoto kulia. Kiuno kikiacha kutikisika, bonyeza mara moja. Ukichelewa utabaki na picha ya mkia.

Sauti ya kumwita itumike mara moja kwa kila picha. Ukipiga mluzi mara sita kabla hujawa tayari, wa saba hausikilizi. Na akishakula dagaa wanne au watano, kazi imekwisha kwa siku hiyo.

---

kiwambo_cha_nuru

Mbwa mweusi je? Wa kwangu anatoka kijivu, kama amepauka, na nyuma yake kumeungua kuwa kweupe.

---

FundiShata

Kamera hupima nuru ikidhani kila kitu kina wastani wa kijivu. Mbwa mweusi akijaza fremu, inadhani ni giza, inaongeza nuru, naye anapauka. Shusha kwa kitufe cha +/- hadi -0.7, ukiona bado nenda -1. Mbwa au paka mweupe ni kinyume, +0.7 hadi +1, lakini chunguza manyoya ya kifuani yasiungue, hayo hayarudishiki. Kama mandhari ya nyuma yanabadilika (jua, kivuli, jua), acha kupima kila mara: pima kwenye nyasi zilizo kwenye nuru ileile anayokimbilia mbwa, hamia M (unapanga kila kitu mwenyewe), weka namba hizo, na ufunge ISO. Mbwa anaweza kupita mbele ya ukuta mweupe na picha isibadilike.

Na mweusi usimpige kwenye jua la mchana. Manyoya yanayong'aa na manyoya ya kivulini hayawezi kukaa katika picha moja. Wingu jepesi ndilo rafiki yake. Mweke pia mbele ya kitu kilichokolea kidogo, udongo mwekundu au majani mabichi. Anga jeupe nyuma yake linamgeuza kivuli tu.

---

Mwana_Pangani

Nakubali hoja ya mfululizo. Na ile picha ambayo mbwa ni mkali lakini nyuma kumevutika kama mistari, inapigwaje? Pwani kuna mbwa wengi wanakimbia ufukweni, nataka ile.

---

LenziMoja

Hiyo unamfagia kwa kamera. Shata inashuka badala ya kupanda: 1/125 kwa mbio kali, 1/60 kwa mchakamchaka, 1/30 ukishazoea. Simama miguu ikiwa imeachana upana wa mabega, ielekee pale utakapopigia, siyo pale mbwa anapotokea. Zungusha kiuno ukamfuate tangu akiwa mbali, bonyeza anapofika mbele yako bila kusimamisha mzunguko, na uendelee kumfuata baada ya shata kufunga. Kosa la karibu kila mtu ni kusimama pale anapobonyeza. Tazama kichwa chake tu. Miguu itavutika na iachwe ivutike. Ukipata mbili nzuri katika 20, umefanya vizuri.

Ufukweni mchana utakwama kwa jua. ISO 100 na 1/60 inakutaka ufunge hadi f/20 hivi, na huko lenzi inaanza kupoteza makali. Subiri jioni, au vaa kioo cheusi cha kupunguza nuru cha hatua tatu, kitakachokurudisha kwenye f/7 au 8. Mandhari ya nyuma yawe na vitu: mitumbwi, minazi, watu. Bahari tupu haina mistari ya kuvutika, utaona kama mbwa kabandikwa.

Usibadilishe lenzi mchangani, na ukifika nyumbani futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi kidogo, kisha kikavu. Chumvi ikikaa inaua vitufe. Mbwa akitoka majini jiandae upesi: kujikung'uta kunaanzia kichwani na kuishia mkiani. Simama ubavuni, jua liwe nyuma yake, na nyuma zaidi kuwe na kitu cheusi kama mwamba au boti ya kivulini, matone yaonekane. Rudi nyuma mita 3 au zaidi, kwa usalama wa lenzi.

---

NyotaYaJioni

Na sisi tunaopiga kwa simu siku nyingine?

---

kiwambo_cha_nuru

Hili nalijua. Simu ikiwa kwenye mpangilio wa kawaida inapanga shata yenyewe, na kwenye nuru hafifu huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Kitu kinachokimbia kinapata masikio mawili mawili. Ingia hali ya Pro kama ipo, weka 1/1000, ISO ijipange. Kama haipo, toka juani: nuru ikiwa nyingi simu yenyewe hupandisha kasi. Mfululizo: kwenye iPhone za karibuni buruta kitufe cha kupigia kuelekea kushoto ukakishikilia, kwenye Samsung nyingi kiburute kuelekea ukingo wa skrini. Usikuze kwa vidole, sogea. Mbwa akikatiza karibu sana na kwa kasi, miguu inaweza kuonekana imepinda, kwa sababu sensa ya simu inasoma picha mstari kwa mstari. Akiwa mbali kidogo au anakuja mbele yako, haionekani.

Na shuka chini, simu au kamera. Lenzi iwe usawa wa macho ya mnyama. Mfuko wa maharage wa kilo 2 chini ya lenzi unashikilia vizuri ukiwa umelala kifudifudi.

---

PakaWaForodhani

Jambo la mwili wa mnyama lisisahaulike. Gusa lami au saruji kwa upande wa nyuma wa kiganja kwa sekunde 7. Kama huwezi kuvumilia, nyayo zake pia haziwezi. Mbio za dakika 10 zinatosha, kisha kivuli na maji. Wenye pua fupi, mbwa au paka, wapewe muda mfupi zaidi. Ulimi ukiwa mrefu na mpana nchani, masikio yamelala nyuma, amechoka, na kwenye picha uchovu huo unaonekana. Uwanja usio na uzio, tumia kamba nyembamba ya mita 10. Kuifuta kwenye programu ya kuhariri ni kazi ya dakika chache.

---

NyotaYaJioni

Nimeelewa sana, shukrani. La mwisho: usiku ndani ya nyumba, picha za paka kwa 1/1000, moja inatoka na nuru, inayofuata nusu giza, nyingine ina michirizi ya njano. Kamera imeharibika?

---

FundiShata

Haijaharibika, ni taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/1000 inachukua sehemu moja ya kumi ya mzunguko huo, mara inaangukia kwenye mwako, mara kwenye kufifia. Ukishusha hadi 1/100 au 1/50 michirizi inaondoka, lakini paka anavutika.

Tiba ya usiku ni flashi ya kuelekeza darini. Shata 1/200, ambayo ndiyo kikomo cha kamera hizi na flashi ya kawaida, f/5.6, ISO 400 hadi 800. Piga moja bila flashi kwanza: ikitoka nyeusi kabisa uko sawa, maana sasa kinachogandisha paka ni mmweko wenyewe, na ule ukiwa kwenye robo ya nguvu au chini yake ni mfupi kuliko 1/1000. Dari iwe nyeupe, ya rangi nyingine itampaka paka rangi hiyo. Flashi ya moja kwa moja usoni usitumie: inamsumbua, na nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha nuru, atatoka na macho ya kijani yanayowaka.